Bega la Pili

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Naandika kwa sababu juzi kwenye simu nilikuuliza hali ukanijibu "mia moja na nne", ukidhani mteja anauliza kiuno chake. Cherehani imekumaliza masikio.

Habari za chuoni si nzuri. Msimamizi wangu amenirudishia tasnifu. Nilithibitisha kanuni yangu kwa namba shufwa, zile zinazogawanyika kwa mbili, halafu kwa zile zisizogawanyika, witiri, nikaandika tu, "Ni dhahiri." Amelizungushia neno hilo wino mwekundu akaniuliza kwa upole, "Dhahiri kwa nani?" Nilisimama ubaoni saa nzima, chaki mkononi, nisiweze kuonyesha. Miaka mitatu ya udaktari inaning'inia kwenye neno moja, baba. Nafikiria kurudi nikusaidie kushona vifungo.

Mwanao,
Sentimita


21 Februari

Mwanangu Sentimita,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, cherehani nzima. Ya vifungo sahau. Ulivishona mara moja, na mwalimu mkuu akaenda kazini shati limepanda upande.

Hesabu zako sizijui ila mabega nayajua. Sijawahi kuona mtu ambaye mabega yake mawili yanalingana. Fundi mvivu hupima la kulia, la kushoto anasema ni hivyohivyo, na koti likivaliwa linainama. Hiyo dhahiri yako ni uchovu uliovaa tai. Kapime bega la pili.

Baba yako,
Fundi


3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa nimekonda. Napima bega la pili kila siku na bado halijakubali. Msimamizi naye siku hizi ananiuliza, "Bega limefika wapi?"

Tuna likizo wiki mbili mwezi wa sita, na tasnifu inatakiwa mwisho wa mwezi wa saba. Nawakumbuka mno. Nije, au nimalize kwanza? Ukisema nije, nakuja.

Mwanao,
Sentimita


20 Mei

Mwanangu Sentimita,

Marahaba. Mama yako mzima, cherehani nzima.

Usije. Uzi ukikatika katikati ya mshono, pale ulipoungwa huonekana daima. Maliza kwanza. Nimeanza koti lako la mahafali, kitambaa cha kijivu ulichokuwa ukikitamani pale dukani. Vipimo vyako ninavyo kichwani. Mwandiko ukikusumbua, laumu kalamu.

Baba yako,
Fundi


2 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kuliko mwaka mzima uliopita. Bega la pili limepimika. Haikuwa dhahiri hata kidogo, imenichukua kurasa tisa na njia tofauti kabisa. Msimamizi amesoma mpaka mwisho, kisha akanipa mkono. Nikamwambia amshukuru fundi cherehani.

Nijibu upesi. Nataka kusikia utakavyonicheka.

Mwanao,
Sentimita


9 Agosti

Baba,

Leo sikuamkii, maana hakuna wa kuitikia.

Mama alinipigia siku ya mazishi. Anasema ulimkataza kunieleza ugonjwa wako tangu mwezi wa tano, nisije nikakatwa uzi. Nimemkasirikia, kisha tumelia wote. Barua yangu ya mwezi wa saba nimeikuta juu ya cherehani yako, haijafunguliwa. Ilichelewa siku mbili.

Nimerudia barua yako ya mwisho. "Mama yako mzima, cherehani nzima." Hukunidanganya, baba. Ulijiacha nje tu. Na mimi, ninayesomea kutolipita neno bila kulipima, niliisoma mara tatu nikaona ni dhahiri kwamba na wewe umo. Ungeniambia nije, ningekuja. Ningeachana na namba zote.

Koti nimelijaribu. Bega la kulia limekaa sawasawa. La kushoto umelipiga bandi tu, mshono wa kushikiza, na mkono wake haupo. Mama anasema fundi wa jirani anaweza kulimalizia. Nimekataa. Vipimo ulikuwa navyo wewe.

Mama mzima, cherehani nzima.

Mwanao,
Sentimita