Tundu la Khalfan kwenye Ukuta wa Mama

Mdogo wangu mpenzi Khalfan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na wanangu wawili wa huko. Kile kikohozi chako cha baridi kimepoa? Ile asali niliyokupa Idd umeinywa, au umeiweka kabatini uonyeshe wageni? Mie huku mwili mzima, alhamdulillahi, ila goti ndilo linanigomea nikisujudu. Moyo ndio mgonjwa. Nna kinyaa, Khalfan, na kinyaa chenyewe ni chako. Nimekaa nacho wiki tatu, nimekiombea dua kiondoke, hakikuondoka. Basi nimeona bora nikutapikie mwenyewe.

Utasema, "Dada, mambo ya nyumbani yasemwe nyumbani." Ndivyo tulivyolelewa, sikatai. Lakini weye uliisema nyumba ya mama mbele ya ukumbi mzima wa watu, na simu zikakutembeza duniani kote. Umetusema hadharani, nami nakujibu hadharani. Anayetaka kusoma na asome.

Ilikuwa hivi. Mwanajuma, binti wa jirani yetu Bi Raya, yule anayesomesha Wete, alinijia mbio na simu mkononi. "Shangazi, njoo umuone profesa wetu!" Nilikuwa barazani nakula muhogo. Nikakuona na suti yako na miwani yako, mtoto niliyembeba mgongoni, nikasema mashaallah. Ulikuwa ukisema Kizungu na Mwanajuma akinifasiria. Mara nyuma yako ikatokea picha kubwa. Nyumba yetu ya Ole! Mlango wa mama, na kanga yangu imeanikwa kwenye kamba.

"Anasemaje hapo?" nikauliza.

Mwanajuma akaiinamisha simu.

"We mtoto, sema."

"Anasema nyumba kama hii ni mali iliyokufa, shangazi. Anasema anayekaa ndani yake amelalia pesa na hajui kuziamsha, ndiyo maana maskini."

Watu wakacheka, nawe ukacheka. Ule muhogo niliutema, wallahi, kuku wakaugombania. Mwanajuma masikini akaizima simu akaanza kuniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyesema.

Khalfan, umesahau nyumba yetu ya kwanza, ya Gando? Ulikuwa na miaka sita, mie kumi na miwili. Baba alipozidiwa na tumbo, akatakiwa kupelekwa Unguja kupasuliwa, aliweka mikarafuu yetu na nyumba rahani kwa tajiri mmoja wa Wete. Akapasuliwa, akafa vile vile, Mungu amrehemu. Kila msimu wachumaji wa tajiri wakija wanachuma karafuu zetu, siye tumekaa mlangoni tunawatazama, na deni halipungui hata chembe. Karafuu zilikuwa malipo ya kusubiri kwake tu. Mama alifunga mkanda akalipa alichoweza, mpaka asubuhi moja tajiri mwenyewe akaja na watu wawili. Hakufoka. Alikuwa mpole kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Akamwambia mama, "Bi Salma, mie sina ubaya nawe. Ni utaratibu tu."

Mama akachukua msahafu, mkeka na chungu. Weye ukaukumbatia mwimo wa mlango ukakataa kutoka. Nani aliyekubandua? Ni mie. Kidole kimoja kimoja, Khalfan, na kila nikibandua kimoja ulikuwa ukirudisha kingine.

Tulipokuwa njiani kwa miguu kuja Ole ukamuuliza mama, "Rahani ni nini?"

Akakujibu, "Ni kitu kinachokula nyumba za watu, mwanangu."

Ukasimama katikati ya njia, kamasi zinakutoka, ukasema, "Basi mie nikikua ntasomea hicho hicho, nijue kinakulaje." Mama akacheka. Tangu kutoka eda hakuwa amecheka.

Hapo ndipo uprofesa wako ulipoanzia. Huko kwenye wasifu wako najua hukupaandika.

Na Ole je, umesahau walivyotupokea? Binamu yake mama alitupa kiwanja, na siku ya kuomeka, kuzijaza kuta udongo, wakaja watu tusiowajua hata majina. Wanaume wakachimba udongo, wanawake tukateka maji, watoto mkaukanyaga ule udongo mpaka ukalainika, kisha watu wote mikono ikaingia kwenye fito, udongo na mawe, udongo na mawe, mpaka ukuta ukasimama. Weye uliteleza ukaingia mzima mzima, ukatoka huonekani macho. Bi Raya, wakati ule msichana mwenye ulimi kama wembe, akapiga kelele: "Huyo msimwoshe! Mtieni ukutani vivyo hivyo, udongo umetupungukia!" Ukalia kwa hasira ukamrushia bonge, likampata shehe wa msikiti mgongoni. Watu walianguka kwa kicheko, na shehe mwenyewe akacheka.

Hakuna aliyedai ujira. Walikunywa uji, wakala muhogo na dagaa, wakaondoka. Kisha mama akatuita, kama desturi ya kwao, kila mtoto wa nyumba akamalizie kwa mkono wake pale kitanda chake kitakapokaa. Mie wangu ukuta wa kusini. Weye wako wa magharibi, chini ya dirisha. Ukabandika udongo wako, ukaugandamiza kwa kiganja, na alama ya vidole vyako ikakauka pale pale. Mama kila alipokuwa akikandika upya ukuta, pale alipaacha. Nilimuuliza siku moja mbona hasawazishi. Akasema, "Hapo pana mtu." Na alikuwa akisema pia, tena mbele yako, nyumba hii haiuziki wala haiwekwi rahani, kwa sababu haimjui yeye peke yake. Ina mikono ya watu.

Ukasoma. Mie niliacha darasa la nane nikawa nachuma na kuchambua karafuu ili upate viatu na mafuta ya taa. Sikusimangi, nilifanya kwa mapenzi na ningefanya tena. Ukaenda Wete, ukaenda Unguja, Dar es Salaam, kisha huko ng'ambo. Ulipoandika kile kitabu kikubwa cha udaktari wako, kuhusu watu wa nchi hiyo waliotolewa kwenye nyumba zao na wakopeshaji, ulimpigia mama simu ukamsomea ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Ulikuwa wa mwanamke mmoja amekaa kwenye ngazi na vyombo vyake njiani. Mama alilia. Akaniambia, "Kaka yenu ameshamjua huyo anayekula nyumba." Alikwita kaka yetu, na mie ndiye mkubwa! Kwa fahari tu. Jioni ile alifuturisha majirani, na wala haukuwa mwezi wa Ramadhani, alikuwa na sunna yake ya Alhamisi.

Mwaka gani ulibadilika mie sijui. Simu zikawa za kutoka viwanja vya ndege. Leo umealikwa na benki hii, kesho na ile. Yule mwanamke wa kwenye ngazi hukumtaja tena. Ulipokuja kumuaga mama safari ile ya mwisho, kabla Mungu hajamchukua, mlikaa barazani, akakuuliza:

"Hivi huko unasomesha nini hasa, mwanangu?"

"Habari za nyumba, mama."

"Kujenga?"

"Hapana. Kukopesha watu wanunue, kwa dhamana ya nyumba yenyewe."

Akafikiri. "Na yale ya kuwatoa, anasomesha nani?"

Ukacheka ukasema, "Ni somo hilo hilo, mama."

Yeye hakucheka. Akainuka akaenda kutia udhu na wakati wa sala ulikuwa bado.

Sasa nije kwenye karatasi, maana ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Idd hii ulinipa karatasi ukasema, "Dada, tia saini hapa, tuisajili nyumba isije ikapotea." Nikatia. Sikuisoma. Kwetu siye mtu hasomi karatasi ya nduguye mbele yake, ni kama kumhesabia tonge. Hata ungeniletea karatasi tupu ningetia saini, nikakupa na chai. Nakala ukaniachia, nikaiweka ndani ya sanduku la mama pamoja na sanda yangu.

Baada ya ile picha ya kwenye simu, nikaikumbuka ile karatasi. Nikaitoa nikaipeleka kwa sheha wetu, mtu wa serikali hapa kijijini. Akavaa miwani yake iliyofungwa kamba, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akaivua.

"Bi Time, nani amekusomea hii?"

"Hakuna. Ni ya Khalfan."

"Basi sikiliza. Kusajiliwa imo. Lakini hapa chini wewe kama mrithi umeridhia nyumba na kiwanja viwekwe dhamana kwa mkopo wa mradi wa benki wa kujengea watu nyumba, anaoushauri yeye. Wanataka nyumba ya kwanza ya mfano, na mfano ni wewe."

"Dhamana ndiyo rahani?"

Akaniangalia kwa huruma. "Ndiyo rahani, Bi Time."

Nikaenda nje nikatapika. Mtu mzima, mbele ya ofisi ya sheha, na watu wanapita.

Nilikupigia, na unajua tulivyozungumza, lakini acha na wengine wajue. Ulisema, "Dada, usiwe na wasiwasi, ni mfano tu. Nyumba itapata ukuta wa tofali, na watu wa Ole wakiona mtoto wa hapa ameanza kwa mama yake, wataamini." Nikakuuliza, "Na wasioweza kulipa?" Ukasema, "Kuna utaratibu." Nikakuuliza utaratibu gani. Nilikusikia unavyohema, Khalfan. Nilijua umesikia neno lililokutoka mdomoni, na umelisikia kwa sauti ya nani.

Sikwambii mikopo yote haramu ya dunia, mie si mufti. Mwanajuma naye anataka kujenga na mshahara wake hautoshi, nami namuombea apate njia ya halali isiyo na riba. Bati hizi zinazonifunika umenunua weye, na kila mvua ikizipiga nakuombea. Elimu yako siionei kinyaa. Kinachonitapisha ni hiki: ulikwenda kumsomea yule mnyama anayekula nyumba ili umjue, ukamjua kweli, na sasa unamshika mkono unamleta Ole, na unatumia jina la mama kubishia hodi. Bi Raya akiniuliza kama atie saini yake, nimwambie nini? Wewe alikuita udongo, ukamrushia bonge. Leo unataka kumrushia hii?

Tena hukuniuliza. Ungeniuliza ningekataa, tungegombana, yangeisha. Ulijua hatusomeani karatasi, ukalitumia hilo. Hapo ndipo panapouma.

Sasa nikupe habari ya nyumba. Ukuta wa magharibi ulianguka masika haya, weye umeshaondoka, sikukwambia kwa sababu ungeleta pesa, na mie nilitaka watu. Jumapili iliyopita wakaja. Wengine ni wajukuu wa wale wa mwanzo. Bi Raya alikaa kwenye kiti kwa sababu ya miguu, lakini ulimi wake bado mzima, amewachamba vijana mpaka wakafanya kazi ya siku mbili kwa moja. Ukuta umesimama, mzuri, umenyooka. Kiganja chako kimekwenda na udongo wa zamani, nilikitafuta kwenye kifusi sikukipata.

Tulipofika chini ya dirisha, vijana wakataka kumalizia. Bi Raya akawazuia kwa mkongojo.

"Hapo ni pa Khalfan. Time, kwa niaba yake tia mkono wewe."

Nikauchukua udongo, ukawa mkononi. Walikuwa wananingoja wote. Sikuweza. Nikaurudisha chini, nikasema, "Paacheni."

Wakanawa, wakala, wakaenda zao. Basi kwenye ukuta wa mama pana tundu ukubwa wa sinia, fito ziko nje, na upepo unaingia mpaka kitandani nilipohamia, maana sasa ninalala upande huo. Nimetundika gunia. Vuli haiko mbali, na gunia halizuii mvua.

Sheha ameniambia ridhaa yangu naweza kuifuta kabla mkopo haujatolewa, na barua ya kufuta ameshanisaidia kuiandika. Lakini sitaki niifute mie kwa sheha kama wagomvi. Nataka uilete ile karatasi kwa mkono ule ule ulionipa nao, uichane hapa barazani, kisha ukoroge udongo. Ukija nitakupikia. Nitakutukana kwanza, halafu nitakupikia.

Msalimie mkeo, wabusu watoto, waambie shangazi yao wa Ole anawaombea kila baada ya sala. Mwenyezi Mungu akuongoze, mdogo wangu, akurudishie yale macho uliyokuwa nayo njiani kutoka Gando.

Nijibu upesi, Khalfan, kabla ya mvua. Nangoja jibu lako.

Mie dada yako, aliyekubandua mlangoni,
Time