Betri ya Pampu

Kimana, Jumanne, Juni 1998

Wiki nzima natukanwa kwa sababu ya betri! Kila asubuhi pampu inakataa kuwaka, vitunguu vinakauka, na Parmuat, msimamizi wetu, ananiita mjinga mbele ya wanawake wanaopalilia. "Nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki tu, sio injini." Amesema isipowaka kesho nirudi kwetu.

Nimekaza mkanda wa dainamo. Nimekwangua kutu kwenye ncha za betri na kuiongezea maji. Mchana kutwa inachaji vizuri, lakini asubuhi imekufa.

Leo jioni nilirudi kuchukua jembe nikakuta waya zinaning'inia, betri haipo. Nikasikia kelele za mpira nyumbani kwa Parmuat. Betri ilikuwa chini ya meza yake, inaendesha televisheni, na majirani wamejaa mpaka mlangoni.

"Ndugu yangu, karibu! Keti, bado dakika chache," akaniambia, bila aibu hata kidogo.

Nikang'oa waya. Makelele waliyopiga!

Sasa betri iko chini ya kitanda changu. Kesho nadhani pampu itawaka. Kama nitakuwepo jioni kuizima, hilo sijui.