Atija, Video ya Jumanne

Atija, shoga yangu,

Nakuandikia kwa kalamu. Ungenicheka. Roza wa simu, Roza asiyeweza kusaini jina lake bila kutafuta kitufe, leo ameshika kalamu. Simu siwezi kuishika. Nikiifungua nakukuta umekaa mkekani na msiro wako wa kulainisha ngozi usoni, mweupe pee, unacheka.

Leo siku ya kumi na mbili ukurasa wetu umenyamaza. Mimi niliyekuwa nikikugombeza kwa kuchelewa dakika tano! "Wewe na ratiba yako kama umeolewa nayo," ulikuwa ukiniambia, huku unasaga kijiti cha msiro juu ya jiwe, taratibu, kunitia hasira makusudi. Nami nakujibu kwamba mwalimu wa mafunzo kule Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, alisema ukurasa usioposti kila siku watu huusahau. Nawe: "Basi watusahau, nimalize chai kwanza."

Unakumbuka tulivyoanza? Wafuasi kumi na mmoja, sita ndugu zako, na mmoja mimi mwenyewe. Mwezi mzima nilipiga picha za vikopo vya msiro tuliokuwa tukiuza. Kikopo mezani, kikopo dirishani, kikopo juu ya kitambaa cha kapulana. Hakuna aliyejali. Mpaka asubuhi ile nilipokupiga video bila kukuambia, umeshapaka msiro, unapiga miayo, ukaitazama simu ukasema tu, "Tumeamka." Watu wakaipenda kuliko vikopo vyote. Nilikuuliza kwa nini hukusema nimeamka. Ukasema, "Mimi peke yangu nani ataniuliza?"

Tangu hapo ikawa kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Nami, mjinga, nikadhani watu wanafuata ngozi laini. Kumbe walikuwa watu wetu waliokimbia vita, wako Pemba, Nampula, Montepuez, nao wakiamka wanakutafuta wewe kwanza. Yule mama wa Nampula aliandika: "Nyie mkisema tumeamka, najua na nyumbani kumeamka." Uliisoma mara mbili. Kesho yake hukuchelewa, na baada ya hapo hukuchelewa tena.

Sasa nikuambie lililotokea, maana wewe hukuliona.

Jumamosi ile, unajua mwenyewe, nilikurekodi video saba kwa mkupuo. Miti ya msiro ilikuwa imetuishia, Jumatatu ulikuwa unakwenda Awasse kuifuata, na mimi sikutaka ukurasa ulale hata siku moja. Ulibadilisha kilemba mara saba ili watu waone siku saba. "Roza, unanichosha. Hebu niwe Jumatatu na Jumanne kwa kilemba kimoja." Nikakataa. Kwa video ya Jumanne nikakufunga kile cha buluu kwa mikono yangu. Kisha nikazipanga zote zitoke zenyewe, moja kila asubuhi kuanzia Jumapili, nikajiona nina akili sana.

Jumatatu gari lenu halikufika njia panda ya Awasse. Watu wa porini walilipiga risasi. Alasiri ukarudishwa Mocímboa umefunikwa shuka, na mjomba wako Saidi akampigia simu mama yako aliyeko Palma. Wakakubaliana maziko yawe kesho yake asubuhi, ili mama awahi kuja kwa chapa, basi dogo la kwanza la asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake uani kwenu, sijui hata nilivaa nini. Ya video nilisahau. Wallahi, nasema hivyo mimi Mkristo kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha, nilisahau kabisa.

Jumanne, saa kumi na mbili, ukatoka. Kilemba cha buluu. "Tumeamka! Leo Jumanne, Mocímboa shwari. Mimi Atija nipo, nawasubiri."

Mama yako alikuwa ameshapanda chapa, Atija. Ameshakaa. Jirani yake akamkimbilia na simu, akamwonyesha dirishani. Mama akashuka. Alishuka anacheka, wamesema waliokuwepo, akawagawia watu pale kituoni chapati alizofunga za safari. Mjomba alipompigia tena, mama akamwambia, "Mmeokota mtoto wa mwenzenu, mwanangu nimemwona sasa hivi." Kisha rede ya simu ikakatika.

Tulimsubiri. Jua likapanda, shehe akaombwa angoje mara ya kwanza, mara ya pili. Baada ya adhuhuri wakakubeba. Mama yako hayupo.

Alikuja Alhamisi, siku ya hitima, baada ya rede kurudi na mjomba kumweleza. Alipelekwa kaburini, akarudi, akakaa karibu yangu. Nilidhani atanipiga. Ningependa angenipiga. Aliniuliza kwa sauti ndogo tu, "Roza, mbona ulimwacha aseme ameamka?" Najilaumu mimi, si rede, si simu. Ni mimi niliyekuwa na haraka na kesho.

Jioni ya Jumanne nilikuwa nimeshazizuia zile nne zilizobaki zisitoke. Tangu hapo kimya. Na kimya nacho kina madhara yake, maana wewe uliwazoesha watu vibaya. Wanaandika: kuna nini Mocímboa? Mji umeingiliwa? Mbona Atija haonekani? Mtu mmoja Montepuez ameandika kwamba anawafungia watoto mizigo ya kukimbia kwa kuwa sisi hatujasema kitu. Mjomba Saidi akasema tuziweke tu zile nne, watu watulie, biashara isife. Nilimjibu vibaya mkubwa wangu. Nimeshamwomba radhi.

Mama yako ndiye aliyeamua. Juzi aliniambia, "Hizo zilizobaki usiwape watu. Nionyeshe mimi, moja moja, na siku nisiyotaka nitakwambia." Jana ameona ya Jumatano, kilemba cha maua. Alicheka ulipopiga chafya. Kisha akalia mpaka nikaogopa, akaniomba maji, akasema ya leo imetosha. Zimebaki tatu. Hazina haraka.

Nimejaribu kujirekodi mwenyewe, mara tatu. Msiro wangu unapasuka, nimeuweka mzito, ungesema nimepiga lipu. Nikifika kwenye neno letu sauti inakataa. Nikisema nimeamka, naona nakufukuza. Nikisema tumeamka, naona nawadanganya tena.

Leo mama amenisagia msiro yeye mwenyewe, kwenye jiwe lako. Akaniambia, "Kesho nitakaa nawe, tutasema wote wawili." Basi nimejua la kufanya.

Lala, Atija wangu. Ardhi ikupokee taratibu. Nakuahidi kitu kimoja ninachokiweza: sitasema tena leo maneno ya kesho. Kila siku tutaamka kwanza, ndipo tuseme.

Kesho saa kumi na mbili tutakaa kwenye mkeka wako, mama na mimi, nyuso nyeupe, na nitawaambia watu wako wote ukweli niliowanyima. Nitasema: Tumeamka. Atija hakuamka.

Kisha nitaizima simu, nimpikie mama uji.

Roza wako.