Kaijage, Mto Ule Ulirudi Nyuma

Kaijage, rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gogo ulilokuwa unafungia mtumbwi wako hapa Nyakatuntu. Mtumbwi wenyewe wameuchukua wajomba zako. Migomba yako imeanza kuingiwa na nyasi, na mimi ndiye niliyeahidi kuipalilia. Sijaipalilia. Kila nikishika jembe naona aibu, kana kwamba utatoka ndani uniulize nimefuata nini kwako.

Nianze na lile tunalolijua sisi wawili. Kule Bama, ng'ambo ya bahari, Waingereza walikotupeleka vitani, tulipewa kazi ya kuvusha magunia ya mchele na yule mzee mwenye mashua, karibu na pale mto unapoingia baharini. Asubuhi ile maji yalikuwa yakishuka taratibu kama ya Kagera. Mara ndege wakaruka wote kwa pamoja. Tukasikia ngurumo upande wa bahari, na mzee akaanza kupiga kelele akituonyesha katikati ya mto. Mimi nikaruka kutoka kwenye mashua nikashika mizizi ya ukingoni. Ningefanya nini? Sisi tumelelewa na Kagera. Katikati kuna viboko na mkondo, salama iko ukingoni, hakuna mtoto wa hapa asiyelijua hilo. Ukanikamata ukosi wa shati, ukanivuta ndani kama mbuzi, mkapiga makasia hadi kwenye kina. Ndipo tukauona ukuta wa maji meupe, toka ukingo huu hadi ule, unapanda mto. Pale kwenye kina ukuta ule uliinua mashua yetu ukaishusha, ukapita. Kule ukingoni ulivunjika kwa kishindo, ukang'oa mizizi ile niliyokuwa nimeishika.

Jioni mimi nililala. Wewe ulikaa na yule mzee ukimdodosa, yeye akichora mchangani kwa kijiti, mpaka ukaelewa.

Tuliporudi nyumbani ulikwenda Isingiro kwa Mzee Bitegeko kumposa binti yake, na mimi nikakusindikiza. Pombe ya ndizi ilipofika ukaombwa usimulie safari, maana ndivyo mtu aliyetoka mbali anavyofanya, na mwenzake wa njiani huthibitisha. Ukasimulia mto uliorudi nyuma. Wakacheka. Hukukasirika. Ulifinyanga udongo pale uani ukatengeneza hori kama lile la kunyweshea ng'ombe, upande mmoja pana na lenye kina, upande wa pili jembamba na la kina kifupi. Ukatia maji, ukayasukuma kwa ubao kutoka kule kwenye upana.

Nakumbuka maneno yako yote. Ulisema bahari hujaa na kupwa kila siku kwa sababu mwezi unaivuta, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama hujaa kupita kawaida. Mdomo wa mto ule ni mpana sana, halafu unabana, na chini mchanga unapanda. Maji mengi yanaingia kwa mkupuo na hayana pa kutawanyika. Ya mbele yanakwama kwenye mchanga na kwenye maji ya mto yanayoshuka, ya nyuma yanayafikia, yanapandana. Ulisema ni kama ng'ombe wakisukumana kwenye mlango wa zizi. Na kweli, kwenye hori lako maji yaliinuka kule kwenye wembamba yakamwagika nje.

Mzee Bitegeko hakutazama hori. Alisema, "Maji yanakwenda ziwani na hayajawahi kurudi. Anayesema mto unapanda, kesho atasema ng'ombe wangu wamezaliwa kwake." Kisha akanigeukia. "Zakaria, nyinyi mlikuwa wote. Uliuona?"

Wiki ile alikuwa ameahidi kunishikisha mitamba wawili niwachunge, ndama wa pili awe wangu. Watu wote walikuwa bado wanacheka. Nikasema, "Sikuuona, mzee. Labda nilikuwa nimelala."

Hukunitazama, Kaijage. Ulinawa udongo mikononi, ukaaga vizuri, ukaondoka. Heri ungenipiga.

Binti alipewa mwingine. Hakuna aliyekushikisha ng'ombe tena wala kukuita uwe shahidi wa jambo lolote. Ukaja hapa kuvusha watu, na abiria wakakuuliza kila siku, "Leo mto unapanda au unashuka?" Mwanzoni uliwajibu. Baadaye ukanyamaza kabisa. Mimi nilipita hapa mara tatu tu, na mara zote ulinivusha bila neno. Kisha kifua kikakubana, na nilipopata habari walikuwa wameshachimba kaburi.

Siku ya kumaliza matanga nilisimama mbele ya watu wote. Nikasema niliuona mto ule, na kwamba wewe uliniokoa, nami nikakukana kwa ajili ya mitamba wawili. Nilidhani watanitemea mate. Nilitamani wanitemee. Mzee Bitegeko alifuta machozi akasema, "Tazameni rafiki. Anamtetea mwenzake hata kaburini." Wakanipongeza! Wakaniongezea pombe. Nilifinyanga hori kama lako, nikasukuma maji, wakanishika mabega wakasema huzuni itapungua. Niliwarudisha ng'ombe kwa mzee, na kesho yake akaniletea tena, akiongeza na dume.

Sijui nifanye nini. Uongo wangu waliuamini mara moja, na ukweli wangu wanauita upendo.

Mama yako peke yake ndiye aliyeniamini. Alikuwa amekaa mlangoni, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo, mama. Akainuka akaingia ndani. Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo haitikii.

Kwaheri, Kaijage. Lala. Migomba nitaipalilia kesho, hilo ni dogo. Ahadi yangu ni hii: kila asubuhi, maadamu miguu inanibeba, nitapita mlangoni kwa mama yako nimwamkie. Atanyamaza, nami nitasimama pale kidogo, kwa kuwa ndiyo nyumba moja tu iliyobaki ambamo mto ule ulirudi nyuma.

Ni mimi uliyenitoa ukingoni,
Zakaria