Mlango wa Korola Si Wangu

Jumanne, 4 Machi 1997
Leo nimegonga gari. Kidogo! Nilikuwa narudi rivasi pale soko la Majengo, pikapu langu la Pijo limejaa zabibu mpaka juu, nyuma sioni — mara kwaa! Taa ya kushoto ya Korola ya watu. Basi. Kioo tu kimemwagika chini. Mwenyewe kashuka, kijana wa ofisi za Bunge, shati limenyooka, jina lake Ludovick. "Shikamoo mzee," halafu hapo hapo, "umeniulia gari!" Nikamjibu marahaba, taa tu hiyo, gari halijafa. Trafiki kaja, katazama, kasema hakuna aliyeumia, mkapatane wenyewe. Taa nimeikubali. Mwanaume hakimbii taa. Mimi nimeanza kuendesha miguu haijafika kwenye klachi! Kondoa mpaka Iringa bila breki, mvua, simba wawili barabarani... Haya, hiyo siku nyingine.

Jumatano, 5 Machi
Supu kibandani kwa Priska. Wakaniuliza habari ya ajali. Sasa useme nini — "nimevunja taa"? Watu wameacha kutafuna, wanakutazama wewe! Nikawaambia breki zilikatika. Stelingi nikaishika kwa magoti, nimkwepe sista na mbuzi wake. Korola nikaipiga jichoni, ikazunguka kama pia, nikaipiga tena ubavuni — mbavu zikaingia ndani! Priska kaniongezea supu bila kuombwa. Masudi, fundi wa kunyoosha bodi, mtani wangu, Mnyamwezi wa Tabora, kacheka mpaka kofia ikaanguka. "Bartolomayo, Mgogo wewe, ng'ombe tu wanakushinda kuswaga, gari utaliweza?" Siku njema sana.

Ijumaa, 7 Machi
Ludovick kaja nyumbani na Korola yake. Sasa anadai mlango! Wa nyuma, kushoto. Na kweli umebonyea. Namwambia mlango wapi na wapi, mimi nimegusa taa. Eti, "Mzee, kwa Priska kila mtu anajua ulinipiga ubavuni. Hata ofisini wananiuliza sista kapona?"

Lo!

Anataka funguo za Pijo zikae kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka niutengeneze. Bima yangu ilikwisha Januari. Na zabibu zimeiva kule Hombolo, haziwezi kungoja. Pijo likilala, zinaozea shambani.

Lakini ule mlango nimeutazama. Ajabu. Kibonyeo ni cha duara, kama kisahani cha chai. Rangi haijachubuka. Pijo langu la bluu — bluu iko wapi? Tena kiko juu, usawa wa mkanda wangu, na bampa langu linaishia magotini. Kitu gani kinapiga pale? Hata ugali sikuumaliza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa Ludovick, najidai nimekuja kuomba radhi. Hayupo. Mkewe, Elieth, kanipa chai. Nikachuchumaa mbele ya mlango wa Korola mpaka akauliza, baba, umepoteza kitu? Kwenye kitasa — nywele! Fupi, za kijivu. Nimezinusa. Nikauliza maji mnapata wapi. Kasema bomba limekauka, analeta Gideoni na punda wake.

Punda! Na madumu yanashushwa pale pale Korola inapolala.

Nikamtafuta Gideoni. Anaapa punda wake mpole kama mchungaji. Nikasema tuone. Nikashika debe tupu nyuma ya punda. Kimya. Nikalisogeza. Anatafuna tu. Nikamgusa kidogo kwa ufito — pwaa! Debe limeruka mpaka uani kwa jirani, mimi nimekaa chini. Lakini tazama: kisahani! Kile kile! Nimelipeleka kwa Ludovick nikaliweka kando ya mlango wa Korola, Elieth anaona. Mapacha. Kashika mdomo.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nikampelekea Masudi debe. Kaligeuza, kaligeuza. "Mtani, hii kwato, sina shaka. Lakini nani atakuamini? Juzi sista na mbuzi. Leo punda. Kesho utatuletea tembo."

Hili ndilo linalonishangaza. Jambo la kweli limekuja, limefanana na maneno yangu yale mengine! Nimekaa nalo mchana kutwa. Kwa nini taa peke yake ilionekana ndogo?

Jenifa, mtoto wa dada yangu, kaniambia, "Mjomba, kesho kwa mwenyekiti sema kama ilivyokuwa. Mara moja tu. Hutakufa." Nikamjibu mimi nina darasa la nne la mkoloni, sifundishwi kusema. Akaondoka anacheka. Inawezekana kweli? Kwa mdomo huu?

Jumatatu, 10 Machi
Nimo ndani ya Pijo, nje ya ofisi ya mtaa. Funguo ziko mezani kwa mwenyekiti, Mama Evarista. Katupa mapumziko kidogo.

Asubuhi imekwenda vibaya. Kibanda chote cha supu kimekuja, kimekaa mbele! Mama Evarista kauliza mmoja mmoja nilisema nini. Ubavuni. Ubavuni. Priska kaongeza sista wa pili, ambaye mimi sikumtaja kabisa! Masudi kasimama: "Mama, huyu Mgogo ni mwongo tangu tumboni mwa mama yake. Hakuupiga mlango." Ukweli mtupu! Watu wakavunjika mbavu. Mama Evarista naye kacheka, halafu kasema kaa chini, baba, wewe ni mtani wake, unamtukana kama desturi, huo sio ushahidi. Elieth yuko ubavuni kwa mumewe, anatazama kanga yake.

Kisha Mama Evarista kanigeukia. "Mjomba, ama hadithi ya kwa Priska ni uongo, ama mlango ni wako. Ukirudi utuambie."

Mbele ya watu wote wale. Wameacha kazi kuja kunisikia.

Wananiita. Priska anapiga kelele dirishani: "Mjomba, anzia pale breki zilipokatika!" Hivi zisipokatika, watakaa kusikiliza? Debe ninalo mapajani. Kichwani punda ameshakuwa wawili, na mmoja wao kipofu —

Hapana. Punda ni mmoja. Alipiga mara moja.

Mmoja, Bartolomayo. Mmoja tu. Shuka.