Picha ya Baba Kabla ya Saa Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amepiga simu: kitanda cha Baba hospitalini ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, uvimbe wa tumboni utatolewa siku hiyohiyo. Akikosa, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitatu, na uvimbe hausubiri. Baba amesikia yote. Anasema haendi popote mpaka apigwe picha nzuri, "likitokea la kutokea." Ya kitambulisho haitaki — kakaa kama mtu aliyekamatwa. Studio hataki. Nimpige mimi, hapahapa. Miaka ishirini na mbili mpiga picha wa gazeti, sasa bosi wangu ni Baba, fundi cherehani mstaafu.

Vifaa: simu, kiti, shuka jeupe. Dirisha la sebuleni lina mwanga laini saa mbili na nusu hadi saa tatu na robo. Baada ya hapo jua linaingia lenyewe. Uso unakuwa nusu chaki, nusu mkaa.

Jumanne, 5 Machi

Saa mbili na nusu, tayari. Mama kashika shuka upande wa kivuli, lirudishe mwanga shavuni. Baba kakaa. Kagusa kola. Kainuka. Kola imelala, anasema. Akachukua wembe, akaifumua yote! Kuishona tena — hadi saa tano. Mama mikono imemfa ganzi. Picha: sifuri.

Jumatano, 6 Machi

Picha arobaini na moja. Zote kafumba macho. Mtu hupepesa, sawa. Si mara arobaini na moja. Nikalalamika. Akasema nimezoea kupiga magari yaliyopinduka, hayo hayapepesi. Mama kacheka mpaka shuka likaanguka. Jua likaingia.

"Basi kesho," Baba akasema, "mwanga ukija."

Kesho mwanga unakuja saa mbili na nusu. Kitanda ni saa mbili. Hesabu hiyo kaipiga kabla yangu.

Jikoni Mama kaniambia taratibu: miaka arobaini ya cherehani, baba yako hajawahi kumchelewesha mteja hata siku moja.

Mlango wa jikoni unatazama mashariki. Kiti nitakiweka pale alfajiri, kabla jua halijapanda ukuta wa jirani.

Alhamisi, 7 Machi

Picha tano za kwanza, macho yamefumbwa. Nikaacha kufoka. Nikamuuliza kama ninavyouliza watu kazini: unaogopa nini?

Akafungua macho ili anijibu. "Mimi sijawahi kukata kitambaa cha mtu bila kumpima mara mbili. Huyu daktari wenu kanipima mara moja."

Nikabonyeza akiwa bado anaongea.

Kaitazama. "Naonekana naogopa." Nikamwambia ndiyo. Akasema futa. Mama akachungulia: huyu ndiye mume wangu, yule wa kufumba macho simjui.

Sijafuta. Simu bado anayo yeye, anaukuza uso wake kwa vidole viwili. Hajasema haendi. Viatu hajavaa. Sasa ni saa moja kamili. Teksi inakuja saa moja na robo.