Siku Nilizoshika Ngao ya Shabani

Jumatatu, 4 Mei

Nimeingia tena baada ya kuanua nguo. Mvua ilinikuta na shuka mbili bado kambani. Ngao alikuwa pale pale nilipomwacha jana, mbele ya lango, matope hadi magotini. Nimemlisha, nimemnolea upanga, nimemtengenezea kofia yake ya chuma. Kazi hizi nimeshazizoea. Zinanipendeza, ndio ubaya wake.

Naandika yote maana kichwa changu siku hizi hakishiki kitu. Ngao ni mtu wa Shabani ndani ya mchezo wa simu. Anasimama mbele na ngao kubwa kama mlango, anapigwa yeye ili wenzake wasipigwe. Miaka mitatu Shabani akirudi kutoka Mbegani, hapa Bagamoyo, anakotengeneza mashine za boti, anaoga, anakula, anamshika Ngao. Mimi pembeni na cherehani yangu, namcheka. Mtu mzima na majoka. Nilijifunza mchezo kwa kumcheka.

Leo ni siku ya kumi na nane tangu afariki. Presha. Alianguka karakanani, hakuamka.

Wenzake wa mchezo hawajui. Wana sheria: anayekosa vita vya Jumamosi mara tatu mfululizo anafutwa kwenye kikosi. Shabani alishakosa mbili. Jumatano iliyopita nikafungua simu yake, nikaandika: "Nilikuwa safari wakuu, mtandao hakuna." Wakafurahi kweli. Karibu Ngao, tulikukosa Ngao. Watu kumi na tisa wanamwita mume wangu kama mtu aliyetoka dukani.

Sitaki afutwe. Duniani kwa sasa sina ninalolitaka zaidi ya hilo.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kinamasini kuwinda majoka na Chozi. Chozi ndiye tabibu wa kikosi. Ngao akipungukiwa damu, yeye humrudishia. Bila yeye Ngao ni maiti. Kijana mwenye nywele za bluu na pembe kichwani, anarukaruka hovyo.

Nikamwandikia: "Mambo dogo, leo niponye vizuri."

Hakujibu. Aliniponya tu. Watoto wa siku hizi wana viburi.

Ijumaa, 8 Mei

Jemedari, kiongozi wao, ametangaza kwamba tarehe 16 tutavamiwa na Chui Weusi. Kikosi kikubwa, kimeshabomoa ngome nne. Siku zote hawa watu wetu huandikiana tu. Sasa Jemedari anataka siku hiyo kila mtu aongee kwa sauti, maandishi yanachelewa.

Nikaandika kwamba kipaza sauti changu kibovu. Akajibu: "Fundi wa mashine ana kipaza kibovu? Tengeneza basi."

Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Sauti ya kiume nitaitoa wapi? Na hata ningekuwa nayo, nipo eda. Miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila wanja, bila manukato, bila soga na wanaume. Na mimi kila siku nakaa na wanaume kumi na tisa. Najiambia si mimi, ni Shabani anayekaa nao. Sijui kama Mungu ananielewa.

Jumamosi, 9 Mei

Vita vidogo. Tumeshinda. Ngao alibaki na damu kiduchu, kama tone la kwenye kidole, lakini lango halikuguswa. Miezi minane Shabani amelilinda lango hilo, halijafunguka hata mara moja. Wenyewe hujisifu nalo mbele ya vikosi vingine.

Jemedari aliandika: "Ngao umebadilika. Zamani ulikuwa unakwenda mbele, siku hizi unangoja."

Nikamjibu uzee huo.

Jumatano, 13 Mei

Nimekamatwa.

Chozi ameniandikia faragha, mimi na yeye tu. Nanakili yote:

"Ngao hajawahi kuingia hapa bila kuniamkia. Mwaka wa pili huu. Hata siku tuliyogombana aliandika shikamoo mama, ndipo tukaendelea kugombana. Sasa wiki mbili sijaamkiwa, na juzijuzi nimeitwa dogo. Wewe ni nani, na Shabani yuko wapi?"

Shabani. Anajua hata jina lake.

Mama! Mwenye pembe na nywele za bluu! Nimekaa nimeshika mdomo. Shabani hakuniambia. Au aliniambia nikawa nacheka. Mtu yeyote wa pwani angejua, salamu ndiyo ya kwanza kuuliza. Ningesoma tu walivyokuwa wakiamkiana huko nyuma. Lakini mchezo hautunzi maandishi ya zamani, na mimi niliona pembe nikaona mtoto.

Nilifikiria kudanganya. Safari, homa, chochote. Vidole vikakataa. Nikaandika: "Shikamoo mama. Mimi ni Zuhura, mkewe. Shabani amefariki, ana wiki nne kesho."

Nikasikia mvua, nikasikia mama mkwe anakohoa chumbani kwake. Kisha akaandika marahaba mwanangu. Inna lillahi. Kwamba yuko Miono, muuguzi mstaafu, naye alikaa eda miaka sita iliyopita, na mchezo alifundishwa na wajukuu akawashinda. Akamalizia: "Sitasema. Lakini utasema wewe."

Sijamjibu. Sisemi. Nikisema atafutwa.

Alhamisi, 14 Mei

Mama mkwe amenikuta na simu nikicheka. Chozi alikuwa amenitumia kichekesho cha joka kukwama mlangoni. Cheko langu la kwanza tangu msiba, na yeye ndiye wa kulisikia.

Akasimama mlangoni. "Zuhura, mwanamke wa eda ana nini na simu?"

"Naangalia picha za Shabani, mama."

Akaja kukaa kitandani. Akasema, "Nami nionyeshe." Ikabidi nitafute picha kweli, haraka, huku juu ya kioo cha simu ujumbe wa Jemedari unaingia mmoja baada ya mwingine. Sijui alisoma nini. Macho yake hayaoni herufi ndogo, lakini kuona kwamba kuna mtu ananiandikia haihitaji miwani. Akaiangalia picha ya mwanawe kwa muda, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akatoka.

Nimemdanganya mama aliyefiwa na mtoto. Najichukia.

Ijumaa, 15 Mei

Kesho. Saa kumi na moja jioni. Nimeshamwambia Jemedari nitasikiliza ila sitaongea. Ameandika: "Chui Weusi wananunua watu, Ngao. Natumaini si wewe."

Nilitamani kumtukana. Shabani anunuliwe! Mtu aliyekuwa akirudisha skrubu zilizobaki.

Jumamosi, 16 Mei

Nitaandika kama ilivyokwenda.

Walikuja wengi, arobaini labda. Mimi langoni, Chozi nyuma yangu. Nilivaa masikioni visikizi vya Shabani. Jemedari anapiga kelele kushoto, kulia, shikilieni. Nilishikilia. Robo saa nzima nilishikilia. Rungu, moto, mishale, Ngao anainama anainuka, Chozi anamrudishia damu. Nilisahau mimi ni nani. Nilikuwa mzuri, wallahi. Shabani angeniona.

Nikahisi mkono begani. Mama mkwe. Wageni kutoka Kaole, ndugu wa upande wa marehemu baba yake Shabani, wamekuja kutoa pole. Walikuwa waje asubuhi, mvua ikawazuia. Wameshavua viatu.

Mjane akipelekewa pole hasemi ngoja kidogo. Haipo hiyo. Nikaisukuma simu chini ya mto, visikizi navyo, nikajifunika kanga, nikaenda kukaa mkekani. Shikamoo, marahaba, poleni, tumeshapoa. Wakasoma dua. Nikaitikia amin na masikio yangu yako chini ya mto. Dua ilikuwa ndefu. Shangazi mmoja akanishika mkono, akasema Shabani alikuwa mtu wa kutegemewa. Nikalia mpaka nikashindwa kupumua. Wakadhani ni uchungu tu.

Niliporudi lango limevunjwa. Ngao kalala kifudifudi kwenye tope, Chozi kalala juu yake. Chui Weusi wanacheza ngoma ndani ya ngome.

Na maandishi ya Jemedari, mekundu, wote wanaona: "Ngao alisimama kama gogo akaachia lango. Ametuuza. Miezi yote ile alikuwa anatuzuga. Msaliti hana jina hapa."

Na wengine chini yake. Msaliti. Msaliti. Mwizi. Mmoja ameandika jambo la mama yake Shabani ambalo siwezi kuliandika humu, na mama yake yuko sebuleni anawamiminia wageni chai.

Jumapili, 17 Mei

Sikuingia. Sikula mchana.

Nilitaka aendelee kuwa hai pale. Sasa yupo hai, anatukanwa. Angekuwa amefutwa kwa kukosa Jumamosi tatu, wangesema tu, ah, Ngao kaacha mchezo, alikuwa mtu mzuri. Mimi ndiye niliyemfufua ili aitwe mwizi. Hawezi hata kujitetea.

Nina hasira na Jemedari. Nina hasira zaidi na mimi.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeandika mbele ya wote. Nilifuta mara nne. Mwisho nikaacha kutafuta maneno mazuri:

"Asalaam aleikum. Anayeandika si Ngao. Jina lake Shabani, amefariki tarehe 16 Aprili. Mimi ni mkewe. Niliingia kwa simu yake, sikutaka mumfute. Juzi langoni nilikuwa mimi, na niliondoka kwa sababu watu walikuja kunipa pole, na mimi ni mjane niko eda. Lango nimeliacha mimi. Shabani hakuliacha hata siku moja. Mnitukane mimi, yeye mwacheni."

Kisha nikangoja. Majina kumi na tisa yanawaka.

Chozi akawa wa kwanza. "Nashuhudia. Nilijua. Mwanangu amesema kweli."

Halafu yakaja kwa pamoja, sikuweza kuyafuata. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole shemeji. Pole sana shemeji. Shemeji, robo saa mbele ya watu arobaini? Yule wa tusi la mama ameomba radhi kwa maneno marefu yasiyo na nukta. Jina la Jemedari lilizimika.

Nilikaa na simu mpaka adhana ya Alasiri. Kisha mimi mwenyewe nikamtoa Ngao kwenye kikosi. Kuna swali linakuja, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Nikalia, lakini si kama juzi.

Jumatano, 20 Mei

Jua leo, la kwanza wiki hii. Nimeanika magodoro.

Jemedari ametuma tangazo. Chozi amenitumia kwa ujumbe wa kawaida wa simu, maana mimi siingii tena. Limewekwa juu kabisa, kila anayejiunga na kikosi analikuta kabla ya sheria. Linasema: "Mlinzi wetu wa lango alikuwa Shabani wa Bagamoyo. Miezi minane hakuna aliyepita. Mimi kiongozi nilimwita msaliti naye yuko kaburini. Nimekosa. Mwombeeni."

Nilikaa nalo kidogo. Kisha nikaenda nalo kwenye baraza ya uani, ambako mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, tangu simu niliyoificha chini ya mto. Sikupamba. Nilitegemea anifokee. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo.

Nikamsomea tangazo.

"Hao watu wamemjuaje mwanangu?"

"Walikuwa wenzake, mama."

"Nisomee tena."

Nimemsomea mara tatu. Ya tatu aliweka ungo chini, akauliza hilo lango lilikuwa la wapi, na Shabani alilindaje peke yake, na nani alikuwa akimpikia. Nikavuta mkeka, nikaanza kumweleza.